Kufuli Tatu

Jikoni kwangu, pembeni ya kalenda ya duka la jumla, kuna msumari, na kwenye msumari kunaning'inia ufunguo mdogo wa shaba. Kufuli yake sijui iliko. Ni ufunguo wa kikoba chetu cha hapa Magomeni, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kilichoanza na watu 28 na kufa kikiwa na umri wa miaka minne, kabla hata hakijafikia kuota meno ya utu uzima.

Kwa asiyewahi kuingia kikoba: sanduku ni la bati nene, letu lilipakwa rangi ya bluu, na lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu tofauti. Sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Ukitaka kuiba inabidi wanne wakubaliane, na watu wanne wa mtaa wetu hawajawahi kukubaliana hata kuhusu nani achangie taka. Kila wiki tunakaa kwenye mkeka, katibu anasoma majina, hisa zinanunuliwa, faini za waliochelewa zinatozwa, daftari linapigwa mhuri, kisha kufuli tatu zinafungwa mbele ya macho ya watu. Mimi nilishika ufunguo wa pili.

Hatukuibiwa hata senti. Kilichotuua ni kwamba mwenyekiti wetu hakutaka kutoka. Katiba yetu, kurasa sita za kuchapwa kwenye kibanda cha steshenari, ilisema miaka miwili. Ilipofika, akasema tumalize kwanza mzunguko huu. Mzunguko ukaisha, akasema tukusanye kwanza madeni. Madeni yakakusanywa, akatutazama mmoja mmoja, akauliza: "Sasa jamani, mniambie nyinyi wenyewe, nani ataweza?" Tukanyamaza. Hapo ndipo tulipokufa, nadhani, pale tulipoangalia chini kwenye mkeka. Watu wakaanza kutuma watoto walete hisa. Kisha hata watoto wakaacha kuja. Mwishoni ufunguo wa mwenyekiti haukupatikana, na yeye hakupatikana, tukalibeba sanduku hadi kwa fundi wa kuchomelea barabarani. Kufuli mbili tukazifungua kwa heshima, ya tatu ikakatwa kwa grainda, cheche zikiruka hadi kwenye ndala za watu. Tukagawana kilichokuwemo, tukatawanyika. Dada mmoja alilia, na wala hakuwa anadai kingi.

Tangu siku ile nimekuwa mtu wa ajabu kidogo. Nikikaa kwenye foleni pale Barabara ya Kawawa inapokata Morogoro, mwendokasi zinapita, bodaboda zinapita, mimi nafikiria viti.

Tunasomeshwa historia ya nani alikaa: rais wa kwanza, wa pili, wa tatu, picha zao ukutani kwa mpangilio. Hatusomeshwi nani aliinuka. Na kikoba kimenifundisha kwamba kukaa hakuna kazi yoyote. Kazi iko kwenye magoti, siku ya kunyanyuka.

Chukua huyo mwenye barabara. Rashidi Mfaume Kawawa. Watoto wa siku hizi wakimsikia wanajua ni kituo cha basi au shule. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961. Januari 22, 1962, siku 44 tu baadaye, Mwalimu Nyerere akajiuzulu uwaziri mkuu, akaenda mikoani kukijenga chama. Wageni walidhani amechanganyikiwa. Kiti kikaenda kwa Kawawa, kijana wa miaka 35, mtu wa vyama vya wafanyakazi, katibu mkuu wa kwanza wa shirikisho la wafanyakazi lile la TFL tangu 1955, ambaye kabla ya hapo alikuwa karani na aliwahi hata kuigiza sinema za Kiswahili.

Sasa jiweke mahali pake. Una nchi changa mkononi. Mkubwa wako yuko vijijini, anakula ugali na wazee. Jeshi linakupigia saluti wewe, na magari ya serikali yanasimama mlangoni kwako. Ndani ya miezi kumi na nusu serikali yako inaandaa katiba ya jamhuri, inaharakisha kuwaweka Waafrika kwenye ofisi za Waingereza, inaandaa uchaguzi wa rais. Yaani unachonga kiti kikubwa kuliko hicho ulichokalia, ukijua kabisa kwamba atakayekikalia si wewe. Desemba 9, 1962 jamhuri inatangazwa, Mwalimu anaapishwa kuwa rais, cheo cha waziri mkuu kinafutwa, na Kawawa anasogea pembeni kuwa makamu.

Haikuishia hapo. Aprili 1964 nchi ikaungana na Zanzibar, Karume akawa makamu wa kwanza wa rais, Kawawa akawa wa pili. Akasogea tena. Mwaka 1972 akarudishiwa uwaziri mkuu. Mwaka 1977 akapewa Sokoine, na Kawawa akaenda kuwa waziri wa ulinzi, kazi ambayo mwaka uliofuata ikaja kuwa moto kweli kweli Idi Amin alipoingia Kagera. Hesabu mwenyewe mara ngapi mtu huyu aliambiwa asogee. Sijui nyumbani kwake alisema nini usiku. Hadharani hakununa.

Simpambi. Serikali hiyo hiyo ya 1962 ndiyo iliyopitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na sheria hiyo ilikuja kuwaumiza watu, wengine waliokuwa wamekaa naye meza moja. Watu wanaojua kuinuka kitini si lazima wawe wapole kwa wasiotaka kuinuka. Lakini nikimlinganisha na mwenyekiti wangu wa watu 28 na sanduku la bati, namwona Kawawa ni mrefu kama mnazi.

Ukishuka Mnazi Mmoja kuna jengo ambalo wenyeji wanaliita Anatoglo. Jina kamili ni Arnautoglo, la mfanyabiashara aliyelitolea mji, lakini jina hilo halijawahi kuzoea midomo yetu. Nimepita pale mara elfu, mara nyingi nikiwa na haraka ya Kariakoo, mfuko wa plastiki mkononi. Humo ndani, Aprili 1953, chama cha TAA, Tanganyika African Association, kilichagua kiongozi wake. Upande mmoja alikuwepo Abdulwahid Sykes, mtoto wa mji, mzaliwa wa hapa hapa, aliyerudi kutoka vita vya Burma. Baba yake, Kleist Sykes, alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mwaka 1929. Kwa lugha ya mjini, chama kilikuwa cha nyumbani kwao. Upande wa pili, mwalimu wa Pugu, mtu wa bara, aliyerudi majuzi tu kutoka Edinburgh, ambaye mji ulikuwa bado unajifunza kutamka jina lake.

Mwalimu akashinda. Abdulwahid akawa chini yake.

Hapo ndipo vyama vingi hufia, na nazungumza kama mtu aliyeshuhudia kifo kimoja. Aliyeshindwa huondoka na nusu ya watu, au hubaki na kuanza kuhesabu makosa ya mshindi. Abdulwahid alibaki, na mlango wake Kariakoo ukabaki wazi. Mwalimu akitoka Pugu alifikia kwake. Mwaka uliofuata, Julai 7, 1954, TAA ikageuzwa TANU, na waasisi 17 waliohesabiwa siku ile ni pamoja na Abdulwahid, mdogo wake Ally, Dossa Aziz na John Rupia. Kadi namba 1 ya TANU ni ya Nyerere, namba 2 ya Ally Sykes, namba 3 ya Abdulwahid. Rupia alikuwa mwenye fedha, na alitoa. Dossa alikuwa na gari, na gari likawa la chama. Abdulwahid alifariki Oktoba 1968 akiwa na miaka 43 tu, hana cheo chochote kikubwa serikalini, na kwa miaka mingi vitabu vya shule vilimpita kama basi lililojaa.

Najua mjadala wa wakina Sykes una watu wake na hasira zake, kwamba nani alifutwa na kwa nini, na kwamba Waislamu wa mji huu walitoa zaidi ya walichoandikiwa. Nadhani wana hoja. Lakini linalonikaa mimi kooni ni jambo dogo zaidi: jioni ile ya Anatoglo, watu wakitoka, yeye alitembea na nani kurudi nyumbani? Mtaa ni ule ule. Wauza kahawa ni wale wale, na wote wanajua nani kashinda. Mtu anatembea na kushindwa kwake kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo, na asubuhi anaamka anafungua mlango.

Kati ya wale 17 kuna mwingine ninayempenda, ingawa hakuwa wa Dar. Japhet Kirilo, Mmeru. Mwaka 1951 wakoloni waliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngare Nanyuki, wakachoma nyumba, ardhi iende kwa walowezi wa Kizungu. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo New York mwaka 1952 kwenda kusema Umoja wa Mataifa. Ndiye Mtanganyika wa kwanza kusimama pale. Na hakushinda, ardhi haikurudi kwa maneno yale. Angeweza kurudi akanyamaza. Badala yake akazunguka nchi akiwasimulia watu wa makabila mengine yaliyowakuta Wameru, na kesi ya kijiji kimoja ikawa ya wote. Mara nyingi husemwa jamhuri hii ilijengwa kwa ushindi usiomwaga damu. Mimi naona mojawapo ya mawe ya msingi ni kesi iliyoshindwa.

Kuna na wale walioshindwa na jamhuri yenyewe. Zuberi Mtemvu alitoka TANU mwaka 1958 akipinga chama kukubali uchaguzi wa kura tatu, mmoja Mwafrika, mmoja Mwasia, mmoja Mzungu, akaanzisha chama chake, ANC. Mwaka 1962 akagombea urais peke yake dhidi ya Mwalimu. Alipata kura zaidi ya 21,000 kidogo. Mwalimu alipata zaidi ya milioni moja. Watu hucheka. Mimi sicheki, kwa uchaguzi kuwa uchaguzi lazima awepo mtu wa kupata hizo 21,000, asimame, jina lake lisomwe. Halafu akarudi TANU na maisha yakaendelea. Na Herman Sarwatt wa Mbulu, uchaguzi wa 1960: viti 71, TANU ikachukua 70, na hicho kimoja ni chake yeye, aliyemwangusha mgombea rasmi wa chama. Mtu mmoja kati ya 71! Ningependa kumwona siku ya kwanza anaingia ukumbini, anatafuta pa kukaa.

Ukumbini humo, Karimjee, spika alikuwa Abdulkarim Karimjee, wa ukoo ule ule uliolipa ukumbi jina. Jamhuri ilipokuja akaachia kiti, akakaa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa yule Mkwawa. Huyu ni mtu aliyepokea fuvu la babu yake likirudi kutoka Ujerumani mwaka 1954, pale Kalenga. Mwaka 1963 serikali ikafuta uchifu nchi nzima. Yaani Bunge ambalo yeye ndiye mwenye kulituliza lisipige kelele, ndilo la nchi iliyomaliza cheo cha mababu zake. Nchi jirani mambo ya wafalme na marais yaliishia kwenye bunduki. Hapa chifu aliendelea kusema "Waheshimiwa, tulieni," na ukiondoa mapumziko ya miaka miwili hivi katikati ya sabini, alisema hivyo hadi 1994.

Lazima nifike kwa Bibi Titi, maana ndipo hoja yangu inapoanza kuchechemea.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Ilala. Hakusoma. Alipokufa tulimkuta na kopo la biskuti la enzi za kale, kutu pembeni, ndani mna hirizi, picha moja ya pasipoti ya mtu ambaye hakuna aliyemtambua, vifungo vya gauni, na kadi ya TANU iliyokunjwa mara mbili hadi mkunjo umekuwa tundu. Unaishika kwa vidole viwili kama bawa la kipepeo. Yeye alipata kusimulia kwamba aliificha ndani ya kapu la mchele, kwa sababu babu alikuwa na kazi serikalini na angefukuzwa. Nilimuuliza nani alimuuzia. Akasema, kwa sauti ya mtu anayeulizwa jua linachomozea wapi, "Si akina Titi?"

Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa ngoma. Mwaka 1955 TANU ilipoulizwa na mgeni kutoka Uingereza iko wapi sehemu ya wanawake, ilibidi itafute mwanamke haraka, na Titi akapatikana. Wasomi walikuwa na mipango. Yeye alikuwa na vikundi vya ngoma. Kila mtaa wa Dar ulikuwa na chama chake cha lelemama, na kila chama kilikuwa na kiongozi, mweka fedha, sare, na uzoefu wa kukusanya michango bila ugomvi. Yaani vikoba tayari! Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi, wakati wanaume wengi bado wanaangalia kazi zao. Bibi yangu alisema Titi akisimama Mnazi Mmoja au Jangwani, hata waliokuja kuuza maandazi walisahau kuuza.

Uhuru ukaja, akawa mbunge na waziri mdogo, akaongoza umoja wa wanawake. Mwaka 1965 wapiga kura wa Rufiji wakamwangusha. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likasema kiongozi asiwe na nyumba za kupangisha, naye alikuwa nazo, hakukubaliana, akaachia nafasi zake kwenye chama. Ona: naye aliinuka. Mwaka 1969 akakamatwa, kesi ya uhaini, aliyetajwa kuwa kinara akiwa Oscar Kambona, waziri wa zamani aliyekuwa Uingereza. Mwaka 1971 akahukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 1972 Mwalimu akamsamehe.

Na Kambona mwenyewe, kumbuka, Januari 1964 askari walipoasi kambi ya Colito, ile tunayoiita Lugalo, Mwalimu na Kawawa walifichwa, na yeye ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi. Kwa siku kama mbili mji ulikuwa hauna mwenyewe. Aliupokea, akaushika, Mwalimu alipotokea akamrudishia. Miaka mitatu baadaye alikuwa uhamishoni London, na hakurudi hadi 1992.

Sijui nifanye nini na hawa wawili. Ningekuwa naandika makala nadhifu ningewaacha. Hoja yangu ni kwamba jamhuri hii imesimama juu ya migongo ya watu waliokubali kunyanyuka; basi mbona hawa, waliofanya hivyo, mmoja alifungwa na mwingine akazeeka ugenini? Nilimtupia swali hili mjomba wangu, mtu wa CCM tangu kuzaliwa kwa CCM, tukiwa tunakunywa kahawa. Akazungusha kikombe. "Kuinuka, mwanangu, kuna kuinuka ukabaki chumbani, na kuna kuinuka ukatoka nje," akasema. "Wale wa kwanza wanaitwa waaminifu." Akaagiza kashata. Sikupenda jibu lake na sijapata lingine.

Bibi Titi alifariki Novemba 2000, hospitalini Johannesburg. Leo barabara yake inapita Mnazi Mmoja, ubavuni mwa Anatoglo, na kondakta anapiga kelele jina lake bila kujua, kama wanavyopiga la Kawawa kule kwetu.

Neno kung'atuka, wanasema Mwalimu alilitoa Uzanaki, kwa wazee wanaowaachia nafasi wadogo wao. Kabla yake Kiswahili cha pwani kilikuwa na kuacha, kujiuzulu, kustaafu, kutolewa. Hakikuwa na neno la mtu kunyanyuka mwenyewe wakati kiti bado kina joto. Mwaka 1985 akalitumia juu yake, Mwinyi akakaa, ingawa uenyekiti wa chama aliushikilia hadi 1990, na watu wa mjini waliliona hilo pia.

Miezi saba iliyopita tulianza kikoba kipya. Watu 19, wengi ni wale wale wa zamani, safari hii tumekubaliana kukutana uani kwa yule dada aliyelia. Sanduku ni jipya, la kijani. Muda wa uongozi ni mwaka mmoja, na tumeandika mara mbili, ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, kwa wino mwekundu. Wino mwekundu lilikuwa wazo langu. Nilikuwa na hotuba nzima siku ile, nikamtaja Kawawa, nikamtaja Abdulwahid, watu wakaniangalia kwa huruma, wakanichagua mwenyekiti.

Jumamosi iliyopita, tukishafunga kufuli ya tatu, katibu akakohoa. Akasema wamezungumza wenyewe kwa wenyewe. Mambo yanakwenda vizuri, hakuna deni lililolala, na kubadilisha uongozi sasa ni kuleta mashaka bure; kwa nini ule mwaka mmoja tusiufanye miwili, kwa safari hii tu. Wote wakaitikia kwa kichwa. Dada akaleta chai. Nilikuwa na jibu, lile la wino mwekundu, liko tayari kwenye ulimi. Nikaangalia mkeka. Nikasikia sauti yangu inasema kwamba tumalize kwanza mzunguko huu, halafu tutaona.

Hakuna aliyecheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikapita Kawawa taa zikiwa nyekundu, nikaingia jikoni kunywa maji. Ufunguo wa zamani upo pale pale kwenye msumari. Kikao ni Jumamosi hii, saa kumi jioni.